Siku tano Ngare Sero: kamera, pancha na ng'ombe sita wa angani

SIKU YA KWANZA, JUMATANO. Arusha hadi Mto wa Mbu

Wanaoijua Arusha ya Julai hawahitaji kuelezwa. Asubuhi manyunyu, mchana wingu, jioni baridi ya kujikunyata kwenye jiko la mahindi ya kuchoma, na Meru wenyewe unaweza usionekane wiki nzima ukadhani umehamishwa. Sasa we kawaambie machalii wa kijiweni kwamba unafunga studio siku tano unaenda kupiga picha nyota, mwezi huohuo. Mmoja akaniuliza kama nimeachwa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mimi kwetu Old Moshi ila kazi yangu iko Arusha, nina kastudio, napiga paspoti, kipaimara, sendofu, harusi, miaka kumi na moja sasa. Paspoti haina siri: uso ujae fremu, masikio yaonekane, nyuma kuwe kweupe peee. Kilichoko nyuma ya mtu ni uchafu, unakifuta. Nimefuta mapazia, nimefuta nyufa za ukuta, nimefuta mpaka mikono ya mama wa mtu aliyekuwa amemshika mtoto asianguke.

Mwezi wa nne akaja ticha mmoja wa fizikia, mama wa Kitanga anafundisha sekondari hapa mjini, akataka nimprintie picha ya dunia saizi ya A3 akabandike darasani. Ile maarufu, duara la bluu lenye mawingu. Nimeiona mara mia kwenye makalenda ila sijawahi kuikalia chini. Naiandaa kwenye kompyuta ndo nashtuka, kumbe ile ni Afrika! Bara lipo pale mbele, Madagaska unaiona kabisa, ukipandisha jicho kushoto kidogo hapo ndo sisi. Ticha akaanza kufundisha bila kuombwa: ilipigwa tarehe 7 Desemba 1972 na wanaanga wa Apollo 17 wakiwa njiani kwenda mwezini, kamera Hasselblad, lenzi ya milimita 80, filamu. Af akaniambia kitu kilichoniharibia wiki nzima, kwamba kwenye picha yenyewe ilivyopigwa kusini ndo kulikuwa juu, walipoitoa kwa watu wakaigeuza. Yaani kuna mtu alikaa kwenye meza kama yangu, kashika picha ya dunia nzima, akaamua juu ni wapi.

Toka hapo kila akija tunabishana, mpaka siku moja akasema badala ya kubishania picha za wenzetu kwa nini nisiende kupiga yangu. Akaomba ruhusa shuleni, tukasubiri giza la mwezi maana mwezi ukiwepo nyota ndogo zote zinamezwa, tukamtafuta dereva wa kutupeleka Ngare Sero, kijiji kilichoko karibu na ziwa Natron. Dogo mmoja wa miaka 25 mwenye Landkruza ya mjomba wake, kachoka (gari, sio mjomba), hela ya mafuta tukachangishana.

Tulipanga kutoka saa nne asubuhi, tukatoka saa nane mchana. Sababu ni gari, sisemi zaidi. Kisongo wingu, njiapanda ya Monduli wingu, nikaanza kukumbuka maneno ya wale machalii. Af ukishafika kule Makuyuni wingu linabaki nyuma kama mtu aliyekusindikiza mpaka stendi. Mbele yako jua kali, vumbi, na ukuta wa Bonde la Ufa.

Tukalala Mto wa Mbu. Wali maharage, ndizi nyekundu, bia moja. Usiku nikatoka uani kuangalia juu, taa ya gesti imeniwakia usoni, muziki wa jirani, nyota nikahesabu kama arobaini nikaenda kulala.

SIKU YA PILI, ALHAMISI. Mto wa Mbu – Engaruka – Ngare Sero

Barabara ya Selela ni vumbi la kula. Ukifunga kioo unapika, ukifungua unasaga meno. Engaruka tulisimama kununua maji, Ticha akataka tukaone yale magofu, watu walikuwa na mashamba ya matuta na mifereji ya mawe hapo toka kama karne ya 15 hivi, wakaondoka kwenye karne ya 18. Dogo akasema akizima gari hawezi kuahidi kama litawaka tena. Tukayapita.

Tulipokuwa tunaupita mlima Kerimasi, pwaaa. Pancha. Tairi la nyuma kushoto limechanika ubavuni kwa jiwe. Jeki ikawa inazama kwenye majivu, maana udongo wa huko ni laini kama unga, tukatafuta mawe bapa ya kuweka chini, saa nzima na nusu juani, watoto wa kichungaji watatu wamechuchumaa wanatuangalia kama tivii. Dogo alikuwa anafundisha huku anafungua nati: tairi linazungukia habu, habu ikiwa imekaa vibaya hata tairi liwe jipya gari litacheza tu. Naliandika hili kwa sababu litarudi.

Ngare Sero tumeingia jua linazama. Tukapata pa kuweka mahema jirani na boma la mzee mmoja, tukalipa cha kulipa. Ol Doinyo Lengai uko pale kusini, umesimama peke yake kama umechongwa na mtoto anayechora mlima, pembetatu kabisa. Mita 2,962. Kwa Kimaasai ni mlima wa Mungu, Enkai, na neno hilohilo ndo mbingu, ndo mvua. Mimi sikushangaa maana kwetu Uchagani Ruwa ni Mungu na Ruwa ni jua. Ticha akasema na nyie watu wa milima mnapenda kubana matumizi.

Saa mbili usiku nikatoka kwenye hema.

Sasa hapa nitaeleza nilivyoona tu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta ile Nge, kundi la nyota ninalolijua toka shule ya msingi, nikaikosa, kwa sababu kulikuwa na nyota nyingi mno katikati ya zile za Nge. Mjini unaona mifupa, huku unaona mpaka nyama. Nikainua mkono, mkono sikuuona, niliona tu sehemu yenye umbo la mkono ambayo haina nyota. Kusini magharibi Msalaba wa Kusini umelala ubavu, ukigeuka kaskazini magharibi kuna Dubu Mkubwa wa wazungu anainama kuzama, vyote viwili kwa wakati mmoja, na Ticha anasema hiyo ni bahati ya sisi tuliokaa karibu na ikweta, kwamba mtu wa Uingereza huo Msalaba hauoni mpaka asafiri, na ile Nyota ya Kaskazini wanayoimba kila siku sisi kwetu hata haichomozi.

Nikafunga kamera kwenye traipodi nikaanza kazi. Nimepiga picha sitini. Zote zimetoka mbovu. Nilizungusha lenzi mpaka mwisho kwenye ile alama ya mbali kabisa nikaamini ndo fokasi yenyewe, kumbe ile alama ni ya kukudanganya, nyota zimetoka kubwakubwa duara kama maandazi. Miaka kumi na moja nategemea fokasi ya kujiset yenyewe! Na zile mbili ambazo labda zingepona, Dogo aliwasha taa za gari kutafuta mswaki.

Nikazima, nikaenda kununa kwenye moto.

Ticha akaona nimenuna, akaanzisha mchezo. Kila mtu ataje umri wake apewe nyota yake. Mwanga unakimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja lakini hizo nyota ziko mbali kiasi kwamba unafika umechelewa, kwa hiyo ukipata nyota iliyo umbali wa miaka ya mwanga sawa na umri wako, mwanga unaouona usiku huo ulianza safari mwaka uliozaliwa. Mimi nina 37, nikapewa Arcturus, ile ya rangi ya chungwa kule kaskazini magharibi. Nikaiangalia muda. Ulipoanza safari huo mwanga mama yangu alikuwa na mimba au ndo amejifungua, baba bado yupo, na umesafiri muda wote huo, shule, msiba, studio, ukaja kuishia kwenye jicho langu mimi nimenuna kwa sababu ya maandazi.

Dogo akauliza, "Kwa hiyo Ticha, hiyo nyota saa hizi haipo?"

"Ipo, ila unayoiona ni ya zamani."

Nikamwambia ni kama wale wateja wanaokuja na paspoti ya miaka kumi iliyopita wanataka uitoe kopi. Mtu yupo, sura ndo ilishaondoka.

Yeye Dogo kwa miaka 25 akapewa Vega, hakutaka. Alisikia Ticha anaitaja Altair, kwamba ni jina la Kiarabu lenye maana ya anayeruka, yeye akasikia tairi. Akasema baada ya yaliyompata leo hiyo ndo yake. Ticha akamwambia hiyo ni ya miaka 17, hata leseni huna. Wakabishana mpaka chai ikapoa.

Tukamuuliza Ticha yake ipi. Akasema ya kwake bado haijachomoza.

SIKU YA TATU, IJUMAA. Ngare Sero

Mchana huku ni tanuri. Huwezi kulala kwenye hema baada ya saa mbili asubuhi, tukajibanza chini ya mgunga mmoja wenye kivuli cha kuonewa huruma. Mwenye boma akaja, mzee mrefu, kajifunga shuka mbili na redio ndogo shingoni. Supai, ipa. Akataka kuona tulichofanya usiku kucha na hilo jicho la chuma. Nikamwonyesha maandazi. Akaangalia kwa heshima kabisa akanirudishia.

Tukaongea habari za mlima. Anaukumbuka mlipuko wa 2007 vizuri, majivu yalifunika majani, mifugo ikapata shida, watu wakahama kwa muda. Ticha akaongezea kwamba volkano nyingine inayotoa lava ya aina ile haijulikani duniani, inatoka nyeusi nyepesi kama oili chafu, joto lake ni nusu tu ya lava ya kawaida, af ikikutana na unyevu inageuka nyeupe, ndo maana kilele mchana unaweza kudhani kina theluji. Mzee akasikiliza yote. "Sisi tulijua ni nyeupe," akasema.

Jioni nikamwomba Dogo tusogee na gari mpaka mahali ambapo mlima unakaa kusini kamili, Ticha akashika dira. Usiku huu fokasi nikafanya kwa mkono. Nimeitafuta Antares, ile nyekundu ya kifuani kwa Nge, nikaikuza kwenye kioo cha kamera, nikawa nazungusha lenzi taratibu mpaka ikawa kidoti kama ncha ya sindano, nikabandika selotepu lenzi isiguswe. Aiso (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 3200, tundu la lenzi limefunguka lote, sekunde 17. Kwa nini 17, kwa sababu dunia inazunguka nyuzi 15 kila saa na lenzi yangu ya milimita 18 kwenye kamera yangu ikizidisha hapo nyota inaanza kuwa mstari. Ilibidi niisimamishe kamera wima maana kile kitovu cha Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota, saa nne usiku kiko juu karibu na utosi.

Picha ikatokea kwenye kioo. Nilipiga kelele mbwa wa boma wakajibu.

Mzee akaja na vijana wake wawili. Akashika kamera, akaangalia picha, akaangalia juu, akaangalia picha tena. Akasema, "Umeongeza rangi."

Nikaapa sijagusa. Nikamweleza kwamba jicho usiku rangi linazipoteza na linaona kidogokidogo kila mara upya, kamera yenyewe inafungua inakusanya sekunde 17 zote inaziweka mahali pamoja.

"Kwa hiyo hiki kinaona kuliko mimi."

Ticha akawahi, akasema hapana mzee, hakioni kuliko wewe ila kinakaa muda mrefu hakipepesi.

"Sekunde kumi na saba," mzee akasema. "Mimi nimekaa hapa toka nazaliwa."

Hakuna aliyemjibu. Na mpaka leo sina jibu, maana wote wawili wana haki. Ile rangi ya pinki iliyotokea kwenye picha ipo kweli, ni gesi, sikuitengeneza mimi. Lakini pia mzee hakuwahi kuihitaji ili aijue mbingu yake, na mimi niliyeipata ile pinki bado Nge ilinipotea jana yake.

Basi nikaiacha kamera ijipige yenyewe bila kukoma, masaa mawili, picha kama mia nne, tukakaa kwenye moto tunasubiri. Ticha akatoa simu akatuonyesha picha nyingine, ya tarehe 14 Februari 1990, chombo cha Voyager 1 kilishafika kilomita kama bilioni 6 kutoka hapa, mwanasayansi Carl Sagan akawa ameomba kigeuzwe kiangalie nyuma mara moja kabla kamera hazijazimwa. Dunia imetoka nukta, hata pikseli moja haijazi. Dogo akaivuta kwa vidole, akaivuta tena, akauliza Arusha iko upande gani. Mimi ninayewambia watu uso ujae fremu nikaona aibu kidogo, nikaona pia wivu, kwamba kuna mtu alipiga picha ya watu wote na hakuna uso hata mmoja.

Mzee hakupendezwa. "Ukipiga kwa mbali hivyo," alisema, "utamjuaje ng'ombe wako?"

Saa saba usiku nikasimamisha kamera. Nikaanza kuzungusha kile kigurudumu cha nyuma harakaharaka picha zipite kama video, na hapo ndo tukaona kitu ambacho sikukipanga. Nyota zilikuwa zinauzunguka mlima. Upande wa kushoto zinapanda, zinapita juu ya kilele, upande wa kulia zinashuka, nusu duara juu ya nusu duara, na katikati yao Lengai. Ticha akafurahi mpaka akasimama. Kumbe hapo Ngare Sero ncha ya kusini ya mbingu, yaani pale mhimili wa dunia unapoelekea, iko nyuzi mbili na nusu tu juu ya upeo wa macho, na kwa kuwa tulisimama mlima ukiwa kusini kamili, ipo nyuma yake hasa, imefichwa.

"Habu!" Dogo akasema. "Mlima ndo habu. Nyota tairi."

"Ila sio tairi linalozunguka," Ticha akamwambia. "Ni sisi."

Akafikiria. "Kama miti inavyorudi nyuma ukiwa unaendesha."

Nikamwonyesha mzee. Nikazungusha mara mbili, tatu. Akasema neno moja la Kimaasai akarudisha kamera, nikamuuliza kijana wake maana yake. Kijana akasema, "Anasema mlima umetulia."

Saa tisa usiku hakuna aliyelala. Kilimia kilikuwa kimeshapanda mashariki, kale kafungu kadogo ka nyota zilizobanana. Ticha akakisalimia kwa ule msemo wa bibi yake wa Pangani: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Pwani walikitumia kupanga kulima, ndo jina lenyewe, na manahodha nao walikuwa na hesabu zao. Mzee akasema wao nao msimu wa mvua wanausoma hapohapo. Ni ng'ombe, alisema. Sita, wanafuatana.

Ticha hapo akakumbuka mchezo wetu wa nyota akamuuliza mzee umri. Mzee akasema yeye rika lake ni Makaa, miaka ya vitabu haijui. Ticha akakadiria sitini na tano hivi, akasubiri, akatazama chini kidogo ya Kilimia ambako kulikuwa kumetoka nyota moja ya rangi ya kaa la moto. Akasema hiyo ni yako mzee, iko miaka ya mwanga 65, inaitwa Aldebaran.

"Nyota ya kupewa siitaki," mzee akasema. Af akauliza, "Hilo jina ni nini?"

"Kiarabu. Maana yake anayefuata. Kwa sababu anakifuata Kilimia kila siku, hakipiti."

Mzee akacheka, cheko la kwanza toka tufike, mpaka akashika goti. "Anayefuata ng'ombe si ni mchungaji? Hiyo nachukua."

Kabla ya alfajiri kukapita zile nyingine. Moja, halafu nyingine nyuma yake, njia ileile, kimya, bila kupepesa. Mzee akanyoosha fimbo. Akasema hizi zimeanza miaka ya karibuni, kuna usiku zinafuatana nyingi kama shanga, wazee wameziongelea sana. "Ni za nani?"

Ticha akamweleza, satelaiti za intaneti, Starlink, ni za kampuni ya Marekani, walianza kuzirusha 2019 na sasa ziko juu zaidi ya 7,000.

"Aliomba kwa nani?"

Mimi nilikuwa na kasimu kangu mfukoni kana bando, nikanyamaza. Kaskazini mashariki kulikuwa kumechomoza nyota moja ya manjano inang'aa sana, nikaangalia kwenye apu. Capella, miaka ya mwanga 43. Nikamtazama Ticha, naye alikuwa anaitazama. Sikusema kitu kwa Dogo.

SIKU YA NNE, JUMAMOSI. Ngare Sero

Tumelala. Mchana tumeenda ziwani Natron kwa miguu, flamingo kwa mbali kama mtu kamwaga rangi, harufu ya magadi, jua la kukukatia tiketi ya kaburi. Kamera sikuitoa kwenye begi, sio kwa sababu yoyote ya maana, betri zote mbili ziliisha na sola ya mzee ilikuwa inachaji redio kwanza.

Jioni jua lilipozama Ticha akatangulia kwenye kakilima kuangalia magharibi. Akauona mwezi, mwembamba kama ukucha uliokatwa, akainua mikono akaomba dua kidogo. Nilikuwa nyuma yake kama hatua ishirini. Ingekuwa picha nzuri sana ile. Sitaki kudanganya, nilisikitika kuhusu betri.

SIKU YA TANO, JUMAPILI. Kurudi Arusha

Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri. Mzee alitoka kutuaga, akamwambia Dogo, "Ero, angalia habu." Spea haikuwepo tena kwa hiyo Dogo aliendesha kama amebeba mayai mpaka Mto wa Mbu, huko tukatafuta fundi, tairi la mtumba, chapati, tukaendelea. Makuyuni wingu lilikuwa linatusubiri palepale tulipoliacha. Kisongo manyunyu.

Usiku nikakaa kwenye kompyuta kuunganisha zile picha mia nne ziwe moja. Programu inachukua muda, nikapika chai. Ikatoka. Nusu duara mia na mia juu ya Lengai, na zile nyota za katikati karibu na kilele zimesogea kidogo mno, karibu zimesimama. Ndo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, nalisema hili na najua nimepiga maharusi wa watu.

Mkono ukaenda kwenye rangi. Ni mazoea, unasogeza kidogo tu, pinki iwe pinki zaidi, kila mtu anafanya, zile picha za Njia ya Maziwa juu ya Kibo unazoziona mtandaoni zinawaka kama disko nyingi zimepitia mkono kama huu. Nikasikia "umeongeza rangi." Nikarudisha.

Kulikuwa na tatizo lingine. Michirizi miwili ilikuwa imekatiza picha upande wa kulia, imenyooka kabisa, inazikata zile duara kama mtu kapitisha wembe. Satelaiti. Kuzifuta ni kazi ya dakika tatu, hicho ndo kitu ninachokijua kuliko vyote, kufuta kilichoko nyuma. Nikazikuza, nikaziangalia, nikachagua kifutio. Nikakaa nacho muda. Halafu nikafunga programu, michirizi nimeiacha. Mzee nimemwahidi kopi na nikiifuta atauliza ziko wapi.

Jumatatu saa mbili asubuhi mteja wa kwanza, mama kaja na mtoto wa miezi mitano, paspoti. Mtoto hakai, kichwa kinaanguka, mama kamshika kwa nyuma kwa mikono miwili, vidole vinaonekana kila upande wa shingo. Nikapiga. Sheria ni sheria, vidole nimevifuta, nyuma kumekuwa kweupe. Ila nilimtolea na nyingine ambayo sijagusa kitu, sikumchaji.

Nikiwa nakata hizo picha ukaingia ujumbe wa Dogo: "Broo ile nyota yangu inaitwaje, sio ya tairi, ile nyingine. Kuna mtu namwelezea hapa na wingu lote hili haamini."

Nikamjibu Vega. Akauliza iko upande gani kutokea Ngaramtoni.